Dzaleka kabla ya kambi: amani ya nani?

Sisi tuliokulia Dzaleka tumechota maji na kupanga foleni ya mgao miaka yote hii bila kuliwaza sana jina la mahali tunapokaa. Kwa Kichewa, kuleka ni kuacha. Wenyeji wa Dowa hulieleza jina hilo kama vile sisi tunavyomtisha mtu: "Utakoma!" Kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994, hapa palikuwa na gereza la kisiasa la Rais Kamuzu Banda.

Chama chake, Malawi Congress Party, kilihubiri mambo manne: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Tuseme haki, nchi ilikuwa na utulivu. Mwaka 1975 makao makuu yalihamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe, mji mpya uliojengwa kwa msaada wa mkopo wa makaburu wa Afrika Kusini. (Mkopo huo nao una wasio na hatia wake, lakini hiyo ni insha nyingine.)

Nani aliulipia utulivu huo? Nawatazama Mashahidi wa Yehova. Hawakushika silaha wala kugombea cheo. Kosa lao lilikuwa kukataa kununua kadi ya chama. Walipigwa marufuku mwaka 1967. Mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia na Msumbiji, yaani Wamalawi wenyewe walikuwa wakimbizi. Waliporudi, wengi walifungwa, wengine hapahapa Dzaleka.

Darasani tuliulizwa swali ambalo Dostoevsky alimpa Ivan Karamazov: je, ungekubali furaha ya watu wote ikiwa msingi wake ni mateso ya mtoto mmoja? Wote tulijibu hapana, upesi mno. Mimi naona kasoro katika swali lenyewe. Linatutaka tuamini kwanza kwamba mapatano hayo ni ya kweli, kwamba mtoto akifunguliwa, furaha itaanguka. Malawi ililijaribu jambo hilo. Juni 1993 wananchi walipigia kura mfumo wa vyama vingi, mwaka huohuo marufuku ya Mashahidi ikaondolewa, na Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi. Lilongwe haikuanguka. Mateso yale hayakuwa yakishikilia chochote isipokuwa kiti cha mtu mmoja.

Mwenzangu mmoja alinipinga akisema raia wa kawaida hawakujua. Lakini bila kadi mtu aliweza kuzuiwa kuingia sokoni au kupanda basi. Na jina kama Dzaleka halikukusudiwa kwa aliye ndani, maana huyo ameshapatikana. Lilikusudiwa kwa aliye nje, alisikie.

Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, kambi iliyopangwa kwa watu kama 12,000 na ambayo sasa ina zaidi ya 50,000. Sisemi kambi ni gereza. Malawi ilitupokea tukiwa hatuna pa kwenda. Ila hesabu naitambua: utulivu wa mji upande mmoja, na upande wa pili watu ambao hakuna aliyewauliza mmoja mmoja wamekosa nini.

Jirani yetu, mama aliyekuwa akiuza vitenge Lilongwe, sasa anauza nyanya mbele ya nyumba yake. Nilipomweleza maana ya jina Dzaleka, aliendelea kupanga mafungu yake, kisha akaniuliza, "Nikome kufanya nini, mwanangu?"