Miaka 80 ya kukata sana: nani aliuliza swali?

Wandugu, mwaka 1894 munganga William Halsted wa Baltimore, Marekani, alichapisha matokeo ya namna yake ya kupasua kansa ya ziwa: kutosha ziwa lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani. Kwake, kukata sana njo kuponya. Wamama wengi walibakia na mkono wenye kuvimba na bega gumu; hata kuchana nywele ikawa kazi.

Karibu miaka 80 wapasuaji walifuata tu, sababu mkubwa alisema. Mwaka 1971, Bernard Fisher wa Pittsburgh akaanzisha utafiti: wanawake zaidi ya 1,600 wakagawanywa kwa kura. Wamoja walipasuliwa kama Halsted, wengine walitoshwa ziwa pekee, na mionzi ao bila. Wenzake wengi walimupinga. Matokeo ya miaka 25, yaliyotoka 2002, yalionyesha wazi: waliokatwa sana hawakuishi zaidi.

Basi, kilichorudishia wamama nguvu ya mkono haikuwa dawa mpya. Ilikuwa swali, na wagonjwa waliokubali kura. Sisi wenye diploma, desturi tunazofuata kazini, nani alizipima?