Kijiji Kilichokuwapo Kabla Yetu

Tunapoadhimisha miaka ya hekalu letu, twaona ni haki kuanza na kijiji, kwani kilikuwapo kabla yetu. Letchmore Heath, katika Hertfordshire, ni kijiji kidogo chenye uwanja wa nyasi, bwawa, na nyumba za kale zilizovizunguka. Ni eneo la hifadhi, chini ya utaratibu ulioanzishwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1967, na baadhi ya majengo yake yameorodheshwa rasmi. Mwenye jengo lililoorodheshwa hana ruhusa ya kulibomoa wala kuligeuza sura bila kibali, hata kama ni mali yake halali.

Jumba letu lilijengwa mwaka 1884 kwa kuiga mtindo wa enzi ya Tudor, likaitwa Piggott's Manor. Baadaye likawa chuo cha wauguzi. Mwaka 1973 mwanamuziki George Harrison alilitoa liwe mahali pa ibada. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Waasia wa Uganda walikuwa wamepewa siku 90 kuihama nchi. Wazee wetu waliotoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ambao hata leo hutaniana kwa Kiswahili jikoni mwa hekalu, walipata hapa pa kuinamisha vichwa.

Lakini neema ya wengi ilikuwa mzigo kwa wachache. Siku ya Janmashtami maelfu walipita katika njia nyembamba za kijiji. Majirani walilalamika, wala hawakulalamika bure: utulivu ni sehemu ya kile kinachohifadhiwa. Nasi tuliona kwamba kufunga milango kwa waumini ni kuua hekalu. Shauri liliendelea kwa miaka mingi, hadi mwaka 1996 serikali ilipotoa kibali cha ibada ya hadhara, pamoja na barabara mpya ifikayo hekaluni bila kukatiza kijijini.

Barabara hiyo haina umri wa kusifiwa, lakini ndiyo iliyohifadhi vyote viwili, kijiji na ibada.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, ndugu waumini, siku ya sikukuu tushike barabara yetu na tuuache uwanja wa nyasi bila magari. Nanyi majirani, karibuni mezani. Chakula ni cha wote.