Gegedu

Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu na maumivu yakagoma kuisha, huambiwa "mfupa umelika". Mara nyingi kilicholika ni gegedu, lile tabaka jeupe, telezi, unaloliona kwenye ncha ya mfupa wa paja la kuku. Tulitumie jina lake, kwa sababu gegedu si mfupa: halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichubuka haliponi kirahisi.

Mwaka 1931 Michael Burman, daktari wa Marekani, aliona nafasi ya ndani ya kifundo ni nyembamba mno kupitishwa darubini ya kuchungulia gegedu hilo. Leo mpasuaji hutoboa matundu mawili madogo mbele ya kifundo, akapitisha kamera, akakwangua gegedu bovu, kisha akadunga mfupa ulio chini yake ili damu ya uboho ipande na kujenga kovu la kuziba pengo.