Spana Mkononi: Ufundi wa Pikipiki Kenyenya

Katika miji midogo ya Kisii kama Kenyenya, fundi wa pikipiki ni mtu wa juzi tu. Bodaboda ilianza miaka ya 1960 mpakani Busia ikiwa baiskeli. Pikipiki ilishika kasi baada ya 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa zile ndogo. Zilimiminika vijijini, na wengi wakashika spana wenyewe.

Makosa ya wanaoanza hayajabadilika sana. Cheni ndiyo mwalimu mkali. Mgeni huikaza ikanyooka kama waya, akidhani kulegea ni ubovu, kumbe pikipiki nyingi ndogo huhitaji mchezo wa milimita 20 hadi 30, kwa kuwa mzigo ukikaa gurudumu la nyuma hupanda na cheni hujivuta. Kwenye milima ya Gusii, kwa abiria wawili (sheria huruhusu mmoja) na mkungu wa ndizi, cheni iliyokazwa mno humaliza meno na beringi mapema. Plagi nayo inafaa kuanzwa kwa vidole, si kwa spana: ikiingia upande, uzi wa aluminiamu kwenye silinda hedi huliwa, na hasara hupita mbali bei ya plagi.

Ujuzi huu ulipita mkono kwa mkono katika jua kali, sekta isiyo rasmi iliyoandikiwa waraka wa sera wa serikali mwaka 1992. Leo fundi asiye na cheti anaweza kufanya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akianzia gredi ya tatu.