Risasi za Moshi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka mtutuni, na risasi ni yale madini laini ya kijivu yanayoyeyuka juu ya jiko la makaa. Kwa mtu mwenye gobori, hapakuwa na haja ya maneno mawili. Aliyeyusha risasi, akaimimina kwenye kalibu, ikapoa, akapata risasi. Baruti aliitia kwa mdomo wa bunduki, akashindilia. Madini yakimwishia, alitia vipande vya chuma, hata kokoto. Gobori lilikuwa silaha duni, lakini halikumtegemea mtu wa mbali kwa kila mlio.

Wazungu walilijua hilo vizuri sana. Mkataba wa Brussels wa 1890, ule unaosifiwa kwa kupinga biashara ya utumwa, ulizuia pia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara ziliachiwa mlango kidogo. Kwa nini hizo? Kwa sababu bunduki ya kisasa inataka ganda la shaba lililotengenezwa kiwandani, na fataki ndogo kwenye kitako cha ganda hilo. Mwenye kiwanda ndiye mwenye bunduki yako. Akikunyima maganda, umebaki na rungu la bei ghali.

Sasa hebu tuangalie vile mtego huu uliwanasa wenyewe.

Askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, yaani Waafrika waliovaa sare za Kaiser, walibeba Mauser ya 1871. Ndiyo waliyoitumia wakati wa Maji Maji, na 1914 kampuni nyingi zilikuwa bado nayo. Ujerumani kwenyewe ilikuwa imeshastaafishwa zamani. Huku ikaonekana inatosha. Ilipiga risasi moja moja, kipenyo milimita 11, madini matupu yasiyovishwa koti la chuma, uzito karibu gramu 25. Risasi ya bunduki mpya za Wajerumani ilikuwa na gramu 10 hivi. Piga hesabu ya mpagazi anayeyabeba hayo kichwani kutoka Tanga hadi Ruvuma.

Utengenezaji wake ulikuwa wa ufundi kweli. Risasi ilizungushiwa karatasi, ili madini laini yasipake vijitaro vilivyochongwa ndani ya mtutu. Kati yake na baruti kuliwekwa kipande cha nta, kilichobanwa na vikadi viwili, kulainisha masizi. Baruti ilikuwa nyeusi, ya kizamani, na hapo ndipo penye balaa. Ukifyatua, wingu jeupe linasimama mbele yako. Adui mwenye baruti isiyo na moshi anakupiga bila kuonekana, wewe unamwonyesha ulipolala. Kwenye nyika za Taveta na Salaita, wingu hilo lilikuwa kama kupunga bendera.

Ndiyo sababu ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulikuwa muhimu kuliko watu wanavyosimulia. Hadithi hupenda nyuki walioshambulia majeshi. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck yeye alihesabu mali: bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, bunduki za rashasha 16, risasi 600,000. Waingereza walikuwa wamemletea duka.

Duka la pili lilikuja kwa bahari. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilipigwa mizinga, ikazamishwa kwenye maji ya kina kifupi. Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Wapiga mbizi wakashuka, wakapandisha bunduki na mamilioni ya risasi, zote zimelowa maji ya chumvi.

Ziliharibika polepole. Baruti ilioza, fataki zikaanza kugoma, na kila wiki zilizogoma ziliongezeka. Hakukuwa na kiwanda cha kupeleka malalamiko. Basi Moshi, mji ule ule ulio chini ya Kilimanjaro, ukageuka kiwanda. Askari na watu wengine waliofaa walikalishwa kwa miezi, asubuhi hadi jioni, wakifungua risasi moja moja: ng'oa, mwaga baruti, isafishe, badilisha fataki pale inapobidi, jaza tena, funga. Fataki mpya zilitafutwa humo humo kolonini, hata zile ambazo hazikufanana na za mwanzo.

Leo Marekani na Ulaya kuna wazee wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa raha zao, kwenye banda nyuma ya nyumba, kwa sababu hakuna duka la jirani linalouza risasi za Mauser ya 1871. Wanamimina, wanazungusha karatasi, wanapima. Ikigoma, wanacheka, wanajaribu nyingine. Moshi ilikuwa tofauti. Lettow aliandika mwenyewe jinsi zilivyogawanywa: risasi nzima, ambazo hazikuguswa na maji, zilihifadhiwa kwa rashasha tu. Zilizojazwa upya, ambazo katika mia 20 hivi ziligoma, zilipelekwa vitani. Zilizo mbaya zaidi zikawa za mazoezi. Yaani askari alikwenda mbele ya adui akijua kwamba kati ya mara tano atakazovuta, mara moja atasikia "tak" tu. Majina ya waliokaa kwenye meza zile Moshi hayamo katika kitabu chake.

Oktoba 1917, baada ya siku nne za Mahiwa, kusini karibu na Lindi, risasi zisizo na moshi zilikuwa karibu zimekwisha. Zilizobaki zilikuwa za Mauser ya zamani, na waliokuwa bado na bunduki hiyo hawakufika theluthi moja ya kampuni. Bunduki iliyodharauliwa ndiyo pekee iliyokuwa na chakula. Mwezi uliofuata walivuka Ruvuma, wakaipiga kambi ya Wareno huko Ngomano, wakajivika silaha za Wareno.

Walipozisalimisha Abercorn, Novemba 1918, zilihesabiwa bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwamo hata moja.