Kasha la sisimizi: kutoka Geneva hadi Naivasha, Kongo ikiwa njiani

BUKAVU – Kasha ni mtaa wa komine ya Bagira. Kwa Kiswahili, kasha ni sanduku la mbao, lile la kuwekea nguo au vyombo. Habari inayosimuliwa hapa ni ya kasha la aina yake: sanduku la mbao na kioo ambamo watu wa nchi za mbali huwafuga sisimizi nyumbani, kama wengine wanavyofuga njiwa na sungura.

Kwa mkaaji wa Kasha jambo hilo laweza kuonekana kichekesho. Hapa sisimizi hufagiliwa nje, na siafu wakiingia usiku ni watu wanaotoka. Lakini mwaka 2025 kichekesho hicho kilifika mahakamani nchini Kenya, na vijana wakahukumiwa.

Mwezi Aprili mwaka huo, vijana wawili Wabelgiji wenye umri wa miaka 19 walikamatwa katika nyumba ya wageni huko Naivasha. Walikutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wamefungwa katika mirija midogo ya maabara zaidi ya 2,200, kila mrija na pamba yenye unyevu ndani. Shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilieleza kwamba kwa matayarisho hayo sisimizi wangeweza kukaa hai hadi miezi miwili safarini. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa pamoja na hiyo, Mvietinamu mmoja na Mkenya mmoja walikutwa Nairobi na sisimizi wapatao 400. Wengi wa wadudu hao walikuwa wa jamii ya Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wekundu wa Afrika Mashariki wanaokusanya mbegu na kuziweka ghalani chini ya ardhi. Vyombo vya habari viliandika kwamba malkia mmoja wa jamii hiyo huuzwa Uingereza kwa bei inayofikia pauni 170.

Wabelgiji walisema kwamba walikusanya kwa kujifurahisha tu na hawakujua ni kosa. Tarehe 7 Mei 2025, hakimu Njeri Thuku wa mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta alikataa maelezo hayo: malkia elfu tano si mchezo wa nyumbani. Wote wanne walitozwa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au jela miezi 12. Katika hukumu yake alifananisha hali ya viumbe waliotolewa makwao kwa nguvu na kushindiliwa ndani ya chombo kimoja na wenzao wengi na biashara ya watumwa. Wapo waliocheka kusikia sisimizi wanafananishwa na binadamu. Familia zilizohama tangu vita vilipofika Bukavu mwezi Februari 2025 huenda zikacheka kidogo zaidi.

Tuanze basi na swali la msingi: nani alifikiri kwanza kumweka sisimizi ndani ya kasha?

Jibu linapita kwa kipofu. François Huber, wa Geneva huko Uswisi, alipoteza macho akiwa bado kijana, lakini mwaka 1792 alitoa kitabu kikubwa juu ya nyuki. Mtumishi wake François Burnens ndiye aliyekuwa akitazama na kumwambia. Ili Burnens aone vizuri, Huber alitengeneza mzinga wa fremu za mbao zinazofunguka moja baada ya nyingine kama kurasa za kitabu. Mwanawe, Pierre Huber, alirithi tabia hiyo ya kuchungulia nyumba za wadudu, akahamia kwa sisimizi, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake juu ya maisha yao.

Baada yake akaja Mwingereza John Lubbock, mtu wa benki na mbunge, jirani wa Charles Darwin. Waingereza wanamkumbuka zaidi kwa sheria ya mwaka 1871 iliyowapa wafanyakazi siku za mapumziko. Nyumbani alikuwa na makundi mengi ya sisimizi. Kasha lake lilikuwa rahisi kiasi ambacho seremala yeyote wa Bagira angelitengeneza asubuhi moja: vipande viwili vya kioo, kila kimoja na upana kama wa shubiri moja, vikitengwa na vijiti vyembamba vya mbao pembeni, na udongo mwembamba katikati. Nafasi ilikuwa ndogo hivi kwamba sisimizi hawakuweza kujificha ndani ya udongo. Makasha hayo aliyapachika juu ya nguzo, na chini ya nguzo akazungushia maji ili wasitoroke.

Kwa kifaa hicho duni Lubbock aligundua mambo makubwa. Aliwamulikia sisimizi mianga ya rangi mbalimbali akaona kwamba wanaikimbia rangi ya zambarau, na hata mwanga ulio ng'ambo ya zambarau ambao jicho la mtu halioni, lakini chini ya mwanga mwekundu wanaendelea na kazi kama wako gizani. Ndiyo sababu hadi leo wafugaji hufunika kioo kwa karatasi nyekundu. Aligundua pia umri wao. Malkia mmoja aliyempata mwezi Desemba 1874 alikufa Agosti 1888, baada ya zaidi ya miaka 13 mikononi mwake. Tuikumbuke hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza bei ya Naivasha. Mnunuzi wa malkia hanunui mdudu mmoja, ananunua mama wa kundi zima kwa miaka mingi.

Mbao zilipata mpinzani miaka ya 1890. Mfaransa Charles Janet alianza kuchonga vyumba vya sisimizi ndani ya plasta, upande mmoja akiuwekea maji na mwingine akiuacha mkavu, ili wadudu wenyewe wachague unyevu wanaoutaka. Mmarekani Adele Fielde, aliyewahi kuwa mmisionari huko China, alitengeneza makasha mepesi ya kioo yenye sponji ya maji ambayo yaliweza kubebwa safarini. Mwaka 1931 profesa Frank Austin wa Marekani alipata hati ya kumiliki kasha lenye picha ya mashamba mbele ya kioo, na mwaka 1956 Milton Levine akaleta la plastiki, likawa mchezo wa watoto lililouzwa kwa mamilioni. Hao wa Levine walikuwa sisimizi wafanyakazi tu, bila malkia, kwa sababu Marekani hairuhusu malkia kusafirishwa hovyo kutoka jimbo moja hadi jingine. Baada ya miezi michache walikwisha, na mtoto akaagiza wengine.

Sasa Kongo. Wakati watoto wa Ulaya wakitazama sisimizi wao wadogo weusi, wataalamu walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba misitu ya kwetu ina wa ajabu zaidi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa niaba ya jumba la makumbusho la New York. Waliyobeba yalikuwa mengi, kuanzia ngozi za wanyama hadi chupa za wadudu. Mwaka 1922 profesa William Morton Wheeler alitoa juu ya sisimizi hao kitabu cha zaidi ya kurasa 1,000, akisaidiwa na Mbelgiji Joseph Bequaert ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi Kongo miaka hiyo. Majina ya wapagazi waliobeba mizigo hiyo na ya wanavijiji walioonyesha miti yenye sisimizi hayajulikani kama ya mabwana hao. Tervuren, karibu na Brussels, nako kuna mamilioni ya wadudu waliokaushwa, wengi wao kutoka Kongo.

Katika kitabu kile, sehemu ya Bequaert ndiyo inayohusu kasha letu, kwa kuwa alieleza sisimizi wanaoishi ndani ya miti iliyo hai. Mfano unaojulikana sana katika misitu ya bonde la Kongo ni mti wa Barteria. Matawi yake ni matupu ndani kama mwanzi, na humo hukaa sisimizi weusi waitwao Tetraponera. Mtu akigusa mti, wanashuka kwa mamia, na kuuma kwao kunakaa siku kadhaa. Wanyama hawauli, na hata mimea inayoota karibu na shina sisimizi huikata. Mti unatoa nyumba, sisimizi wanatoa ulinzi. Hakuna seremala aliyewahi kutengeneza kasha linalolingana na hilo.

Hapo ndipo penye jibu kwa anayeuliza kasha la mbao linamfaa sisimizi yupi. Linamfaa yule ambaye tayari anaishi ndani ya mbao: wanaotoboa magogo makavu, wanaokaa katika matawi matupu, wale wadogo wenye tumbo la umbo la moyo wanaoliinua juu wakikasirika. Wa ardhini, kama wale wa Naivasha wanaochimba ghala la mbegu, ubao si kwao. Wanahitaji kina cha udongo, vyumba vikavu vya mbegu na vyumba vyenye unyevu vya watoto. Siafu hawafai kasha lolote, kwani hawana nyumba ya kudumu. Kundi lao lina mamilioni, nalo huhama.

Ubao wenyewe nao una tabia zake. Hunywa unyevu na kuutoa polepole, na haupati joto la ghafla kama kioo au bati. Lakini ukilowa sana huota ukungu, na ukikauka haraka hupasuka, na ufa mwembamba kama unywele watosha kwa sisimizi kutoka. Ubao unaofaa ni mgumu, uliokauka kabisa, usio na utomvu wala harufu kali. Mkaratusi mbichi na misonobari yenye utomvu si mizuri. Ubao uliopakwa rangi, vanishi au dawa ya mchwa ni kaburi, maana dawa inayoua mchwa haibagui. Wafugaji wenye uzoefu huchonga vyumba vidogo vidogo, huweka maji upande mmoja tu, na huacha ubao bila kupakwa chochote ndani. Chumba kikubwa si zawadi: kundi dogo likipewa nafasi kubwa hufanya kona moja kuwa jalala, na ukungu huanzia hapo.

Yote haya yangekuwa mambo ya burudani tu kama sisimizi angekuwa hana kazi anakotoka. Mwezi Januari 2024 mtafiti Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kutoka Laikipia. Huko miti ya miiba hulindwa na sisimizi wanaokaa ndani ya vifundo vya miiba yake. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, ambao huenea duniani kwa mizigo ya watu, waliingia wakawaua wenyeji. Miti ikabaki bila askari, tembo wakaivunja, uwanda ukawa wazi, na simba wakakosa pa kujificha wanapowinda punda milia, hivyo wakageukia nyati. Mdudu mdogo alihamishwa, na chakula cha simba kikabadilika. Anayenunua malkia wa Afrika na kumfungulia mrija huko Ulaya anacheza na mlango uleule, ila anaufungulia upande wa pili.

Kilichowafunga watu wa Naivasha ni sheria ya Kenya ya wanyamapori, na KWS iliutaja pia mkataba wa Nagoya, uliopitishwa Japani mwaka 2010, unaodai kwamba nchi yenye viumbe iombwe ruhusa na igawiwe faida. Kongo nayo ina sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya hifadhi ya viumbe na mazingira. Ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo mlango wake hauko mbali na Bukavu, hakuna anayeruhusiwa kubeba kiumbe kwa hiari yake, awe sokwe au mdudu. Jambo hili linahusu zaidi vijana wasio na kazi na wale waliofika mjini bila kitu. Mtu akija na dola akitaka malkia wenye mabawa baada ya mvua, anayekusanya ndiye wa kwanza kuonekana. Huko Nairobi, Mkenya alihukumiwa faini ileile ya mgeni.

Anayependa kujua wadudu hakosi njia. Huko Lwiro, katika teritware ya Kabare, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, leo CRSN, kinaendelea kuwepo. Na mtoto wa Kasha aweza kuanza na kifaa cha Lubbock: vioo viwili kutoka dirisha lililovunjika, makali yake yakiwa yamesuguliwa, vijiti vinne vya mbao kavu, udongo kidogo, tone la maji ya sukari, na sisimizi wafanyakazi ishirini kutoka ukutani kwao. Afunike kwa karatasi nyekundu, atazame kwa wiki mbili, kisha awarudishe mahali palepale alipowatoa, kwenye mstari wao, kwa sababu kundi jingine likiwakuta litawaua.