Mizani ya Hewa

Nimeletewa orodha ya istilahi za magari, imepigwa chapa vizuri na ina muhuri, na katika ukurasa wa injini nimekuta "kihisi cha mtiririko wa hewa". Maneno matano kwa kidude kinachoenea kiganjani! Fundi wa mji mdogo wa Kayna aliyeinama chini ya kapo ya pikapu iliyopanda mwinuko wa Kabasha ikitoa moshi mweusi (nyakati ambazo barabara inapitika) hana pumzi ya maneno matano. Yeye husema "debimetri", kwa Kifaransa alichokikuta garajini, na msaidizi wake anajua bisibisi ipi ya kuleta.

Urefu ningeuvumilia. Nisichokivumilia ni mtiririko. Vinavyotiririka katika lugha yetu ni maji, machozi, jasho na damu. Hewa huvuma, hupita, huvutwa, na injini ni mvutaji mkubwa. Hata hivyo hilo ni kosa la sikio tu. Kosa la akili ni jingine. Kidude hiki hakiulizwi hewa inakwenda mbio kiasi gani. Kinaulizwa imeingia hewa ya uzito gani. Ndani yake mna waya mwembamba, au utando, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio habari inayopelekwa kwenye kompyuta ya gari. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pipa la hewa la kwetu ni jepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pipa hilo hilo likijazwa Mombasa. Mtiririko waweza kulingana kabisa, na mazuti inayostahili kuchomwa na hewa hiyo isilingane. Nadhani kamati iliyotunga orodha hiyo hukutana pwani.

Wajerumani waliliona jambo hili mapema. Mfumo wa Bosch uitwao L-Jetronic, wa miaka ya 1970, ulitumia kibao kilichosukumwa na hewa, ukapima ujazo. Kifaa kikaitwa Luftmengenmesser, kipima kiasi cha hewa. Ulipokuja waya wa moto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, jina nalo likageuka: Luftmassenmesser. Kifaa kimebadilika, jina likabadilika. Sisi tumepokea kifaa cha pili tukakibatiza kwa ubatizo wa cha kwanza.

Kifaransa nacho kisitutishe. Débit ya debimetri haina udugu na débit ya benki, ingawa zinaandikwa sawasawa. Ya benki ni deni, kutoka Kilatini; ya hewa inatokana na débiter, kupasua magogo na kuuza kwa rejareja. Kwa hiyo fundi wetu anapotaja debimetri anataja duka la mbao bila kujua. Hatumlaumu, lakini hatuna sababu ya kumfuata.

Napendekeza, kama nilivyopendekeza zamani kwa barua ambayo mpaka leo haijajibiwa, mizani ya hewa. Mizani limetoka Kiarabu, katika shina moja na uzani, na huku limekwisha kuwa mwenyeji. Mnunuzi wa kahawa wa Butembo analo, dereva wa lori wa Tanzania analo, tena analiogopa barabarani. Wanajimu wanalo angani, na malenga huhesabia silabi kwalo. Neno lililobeba kahawa, malori, nyota na shairi litashindwa na hewa?

Kuna bwana mmoja, sitamtaja, anayedai kuwa mizani ni neno la sokoni, lisilo na hadhi ya kisayansi. Yeye anataka "kipimatungamo-hewa". Tungamo, mwanafunzi wa fizikia ataniambia, ndilo neno la vitabuni. Sawa. Lakini tungamo limezaliwa na kutungama, na kitungamacho ni damu na maziwa. Hewa iliyotungama ndani ya bomba la Hilux ingemshangaza hata huyo bwana.

Utunzaji wa mizani ya hewa yenyewe, kwa ufupi: taa ya injini ikiwaka na mashine ya uchunguzi ikatoa msimbo kati ya P0100 na P0104, kagua nyaya za nje na bomba kwanza, kisha zima gari, ngoja lipoe, chomoa plagi, fungua skrubu (mara nyingi mbili), puliza dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo bila kugusa waya, usitumie petroli wala upepo wa kompresa, iache ikauke. Ikikataa, nunua nyingine yenye namba ile ile, na ubadili filta ya hewa siku hiyo hiyo, maana vumbi ndilo muuaji. Mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ asihangaike kuitafuta: haina.

Imebaki sarufi, ambayo kamati imeitumia kama fimbo ya mwisho. Nasikia wanasema mizani litachanganya watu, kwa kuwa mi- yake inafanana na ya miti, na fundi ataunda "mzani" kwa umoja. Mbona wauza kahawa hawajachanganyikiwa? Husema mizani hii imeharibika, mizani hizi zimeharibika, ngeli ya tisa na ya kumi. Mizani ya hewa, mizani za hewa. Barua yangu ilikuwa na ukurasa mzima juu ya hilo.